Fishi Mkononi mwa Mama

Neema mwanangu, weka chini hiyo bisibisi. Sijakasirika, ila ngoja nikae kwanza. Nimeingia humu nimekukuta umefungua mgongo wa ekrani ya kompyuta yako, vidole vimo ndani, na fishi ya waya bado imechomekwa ukutani. Nilipokuuliza ukanijibu bila hata kugeuka, "Usiogope, koko, hakuna umeme." Maneno yaleyale. Sikudhani nitayasikia tena ndani ya nyumba yangu, tena kinywani mwa mjukuu wangu mwenyewe.

Kuna siku moja ambayo hunirudia kila mara mtaa unaposhangilia umeme. Mnanitania kwamba koko hapendi furaha, kwamba watu wakipiga kelele za umeme kurudi yeye anaziba masikio. Basi leo nitakuambia kwa nini.

Nilikuwa msichana bado. Tulikaa hapahapa Goma, mtaa wa Katoyi, katika nyumba ya mbao, mama yangu, kaka yangu Bahati na mimi. Baba alikuwa ameshafariki, na mama alishuka nasi kutoka milima ya Masisi akiwa na nguo zake na kiti kimoja kidogo cha mbao ambacho baba alimchongea. Bahati alikuwa anamaliza chuo. Kazi yake ya mwisho ilikuwa ndani ya kompyuta aliyoazimwa na mjomba, na alipaswa kuipeleka Jumatatu, la sivyo mwaka mzima umepotea. Wakati wenyewe huo, ekrani ikafa. Ilikuwa moja ya zile za zamani, nene, zenye kisogo kikubwa. Taa ndogo ya mbele inawaka, kioo cheusi tii.

Kaka yangu hakuwa mjinga, sitaki umfikirie hivyo. Alibadilisha waya, alibonyeza vitufe vya mwanga, alipuliza vumbi, na unajua vumbi letu hili jeusi la mawe ya volkano linavyojipenyeza hata ndani ya sanduku lililofungwa. Wapi. Jumamosi mchana umeme ukakatika mtaa mzima, naye akasema afadhali, sasa anaweza kuifungua.

Nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo tunapokosea sisi watu wa Goma. Mahali ambapo umeme haukatiki, mtu akitaka kufungua mashine lazima aichomoe, hana njia nyingine. Sisi umeme unatukimbia kila leo, kwa hiyo tumezoea kufikiri kwamba ukishakatika tumekwisha kuchomolewa wote. Na fishi hatuitoi ukutani hata kidogo, kwa sababu ukirudi hatutaki utupite. Simu zinabaki kwenye chaji, pasi imeshachomekwa, redio imefunguliwa sauti yote. Bahati naye aliiacha fishi kwa makusudi. Aliniambia, "Ukirudi tu, nitaona palepale kama nimeiponya."

Mama alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti chake, anachambua maharage. Akauliza, "Bahati, hiyo kitu haitakuuma?"

"Usiogope, mama, hakuna umeme."

Mama akarudi kwenye maharage yake. Angefanya nini? Mtoto amesoma, na taa kweli ilikuwa imezimika.

Kelele zilianzia mbali, upande wa mtaa wa Mapendo, watoto wakiimba, "Imekuya! Imekuya!" Mimi nikatabasamu. Nikawaza kwamba nitapiga pasi gauni langu la kanisani. Kabla sijainuka, redio ya jirani ikafyatuka na muziki, barabara yetu yote ikashangilia, na nikamwona kaka yangu amesimama wima, mkono mmoja umo ndani ya ekrani, mdomo wazi, kichwa kimeinuliwa juu. Mwanangu, nilidhani naye anashangilia. Nilimchekea kabisa. Halafu nikaona macho yake, na nikaona kwamba hakuna sauti inayotoka.

Niliruka kumvuta. Mama akanidaka kitenge kwa nyuma, akanitupa chini juu ya maharage. "Usimuguse! Mutakufa wote wawili." Fishi ilikuwa nyuma ya meza, na yeye Bahati ndiye aliyeziba njia. Mama akanyanyua kile kiti cha mbao akampiga mkono kwa nguvu zake zote. Mkono haukuachia. Akapiga tena, na safari hii nilisikia mfupa ukivunjika, nikamwona kaka anaanguka chini kama nguo iliyodondoka kambani.

Wakati huohuo jirani yetu, Mama Riziki, aliingia akicheza na kupiga makofi, amekuja kutuletea habari njema. Akamkuta mama ameinua kiti juu na mwanawe yuko chini hatikisiki. Makofi yakakatika. "Wewe mama, unaua mutoto wako?" Mama yangu alikuwa anamtazama Bahati, kiti bado kiko juu, kama amesahau namna ya kukishusha. Na nje watu walikuwa bado wanashangilia. Hilo ndilo sijaweza kulielewa mpaka leo, kwamba Goma nzima ilikuwa na furaha saa ileile.

Bahati akavuta pumzi. Moja kubwa, yenye mlio, kama mtu aliyetolewa ziwani, na kisha akaanza kulia kwa maumivu ya mkono. Sijawahi kufurahia kilio cha mtu kama siku ile. Ule mkono wa koko Bahati usionyooka, ambao mmekuwa mkidhani ni wa ajali ya pikipiki, umevunjwa na mama yake mzazi.

Kazi yake hakuipeleka Jumatatu. Mwaka ule ulimpita, akamaliza uliofuata. Siku aliyorudi kutoka hospitali na mkono umefungwa, alikaa akingoja kugombezwa, na mama akamwambia maneno machache tu. Alisema aliwahi kuona waya ulioanguka barabarani baada ya mvua, mtu akaushika, ndugu yake akamshika yeye, wakazikwa pamoja. Kisha akasema, "Umeme ya hapa haiagi ikienda, na haipige hodi ikirudi. Kuanzia leo, mutu asifungue kitu katika nyumba hii mpaka fishi iko mukononi mwangu."

Na hakuwa anatania. Miaka mingi Bahati aliwatengenezea watu ekrani palepale nyumbani, na kila mara mama alikaa kwenye kile kiti, ambacho mguu mmoja ulipasuka siku ile, fishi mapajani mwake. Wateja walicheka. Yeye hakusogea mpaka mfuniko urudishwe.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, maana niliishi na hiyo kazi na kitu kidogo nilijifunza. Ekrani ikikataa, usikimbilie bisibisi. Jaribu waya mwingine, ichomeke kwenye kompyuta nyingine. Ikiwa taa inawaka na kioo ni cheusi, mulika tochi karibu kabisa na kioo. Ukiona maandishi kwa mbali, basi picha ipo, mwanga wa nyuma ndio umekufa. Yote hayo hayahitaji kufungua hata skrubu moja. Ukilazimika kufungua, chomoa, bonyeza kitufe cha kuwasha ili masalio ya umeme yatoke, kisha iache mpaka kesho, na bado usiguse vile vipipa vidogo vilivyo ndani, kwa sababu vinahifadhi umeme hata baada ya kuchomoa. Zile nene za zamani usizifungue kamwe, mpelekee fundi. Na ukimwona mtu ameshikwa, usimguse kwa mkono. Zima swichi kubwa. Ukishindwa kuifikia, tafuta kipande cha mti mkavu, na umpige bila huruma, hata kama ni mtoto wako.

Mungu aliyeupa mkono wa mama yangu nguvu siku ile akulinde, Neema. Akupe kazi njema na akili ya kutulia, na popote utakapofungua kitu cha watu, usikose mtu wa kukushikia fishi.

Sasa inuka, ichomoe polepole, na uilete hapa. Iweke mkononi mwangu. Umesikia hizo kelele nje? Wamekwisha kuanza kushangilia.