Damu kwenye Tarumbeta la Anania

Kule Isansa, Anania alikuwa mkulima wa kahawa siku za kazi, lakini Jumapili alikuwa mkubwa kuliko mchungaji. Ndiye aliyepuliza tarumbeta la kwanza kanisani na misibani. Msiba usio na Anania uliitwa msiba mkavu, hata kama watu wamelia mpaka sauti zimekauka.

Fizi zake zilipoanza kutoa damu, alifurahi. Ndiyo, alifurahi! Alijifuta kwa leso, leso ikawa nyekundu, akina mama wakanong'onezana: "Mnamwona? Anamtumikia Bwana mpaka damu." Nani akatibiwe sifa kama hiyo?

Mswaki nao ukatoka na damu, basi akauacha ili fizi zipumzike. Zikapumzika miaka. Mara mojamoja alizisugua kwa chumvi ya mawe ya Ivuna, kwa nguvu za mtu anayesugua sufuria. Zikichubuka, anasema dawa inafanya kazi.

Mke wake, Ikupa, hakuwa na leso ya kuficha ukweli.

"Baba Tusekile, nenda hospitali. Mdomo wako unanuka kama pango la fisi."

"Umewahi kuingia pango la fisi, wewe?"

"Nimelala ndani yake."

Alikwenda meno ya mbele yalipoanza kuyumba, Pasaka ikiwa mlangoni. Daktari wa meno, Fauzia, alimchungulia mdomoni kisha akashusha pumzi.

"Mzee wangu, damu hii haikuletwa na tarumbeta. Ni ukoga uliokaa shingoni mwa meno mpaka ukawa jiwe. Fizi zikavimba, zikaachia. Ulipoona damu, hapo ndipo ulipotakiwa kupiga mswaki, taratibu, asubuhi na kabla ya kulala, na kuja tukukwangue hilo jiwe. Wakati ule zingepona kabisa."

"Na sasa?"

"Ya nyuma tutayasafisha, tutayaokoa. Haya ya mbele, mfupa unaoyashika umeliwa, na haurudi. Tuyang'oe."

"Ya bandia yanapuliza?"

"Wengine hujifunza upya, kwa tabu. Siwezi kukuahidi."

"Basi ngoja Pasaka ipite, mwanangu."

Akarudi nyumbani na meno yake, kama mtu aliyeshinda kesi.

Alfajiri ya Pasaka, kanisa zima lilisimama makaburini, wapuliza matarumbeta wamejipanga, Anania mbele. Wimbo wa kuwaamsha wafu. Alianza vizuri. Kufika nota ya juu, akaugandamiza mdomo, na jino likalala ndani kama mlango uliong'oka bawaba. Kilichotoka ni upepo na mate mekundu.

"Jamani, nani amejamba?" alinong'ona mtu wa besi.

Safari hii hakuna mama aliyemtaja Bwana. Mwalimu Yonathani, wa tarumbeta la pili, aliudaka wimbo bila hata kugeuka, na wimbo ukaenda. Hilo ndilo lililommaliza Anania: ulienda vizuri. Wafu wote walikuwa wanaambiwa waamke, naye akatamani mmoja wao atii upesi, amwachie nafasi.

Baada ya sala Yonathani alimjia kwa heshima zote.

"Shikamoo, baba. Kanisa linaomba nichukue hilo la kwanza. Langu vitufe vinakwama."

Anania alitema mate mekundu kando. Akamnyooshea tarumbeta.

Mwalimu alilipokea kwa mikono miwili, akalifuta mdomo kwa shati lake, akanusa, akafuta tena.