Askari, Kasuku wa Neno Moja

Funguo za Bibi Kemilembe hukaa shingoni mwake, kwenye uzi wa katani, ndani ya blauzi. Akiinama kupalilia migomba unazisikia zinagongana. Ukisikia zimenyamaza, ujue amesimama anakutazama. Kuna ya chumba chake, ya stoo ya kahawa, ya sanduku la unga, na nyingine ambayo mpaka leo sijui inafungua nini. Chupa ya mafuta ya kula ameichora mstari kwa mkaa, na kila tukimaliza kupika mstari huo huchorwa upya. Mimi ni mjukuu wake, Vero. Shule niliiacha darasa la tano, mama yangu alipoolewa tena huko Nyakatuntu, nikaletwa hapa Ndama kukaa na Bibi. Nikaukuta mstari kwenye chupa, nikauzoea.

Watu husema alizaliwa hivyo. Si kweli. Babu alipofariki, Bibi alikuwa ndani na wanawake wenzake wakilia, na nje shemeji zake walikuwa wanaswaga ng'ombe mmoja baada ya mwingine, eti wanawapeleka kunywa maji. Alipotoka, zizi tupu, na kila mtu anampa pole. Shemeji mmoja tu, mzee Ambrose, hakuchukua kitu. Bibi mwenyewe husema ni kwa sababu alichelewa kufika. Toka hapo ukimpa pole Bibi anakuuliza, "Ya nini?"

Huyo ndiye mtu aliyepewa kasuku amlee.

Alipewa na muuguzi mmoja wa hospitali ya Nyakahanga aliyekuwa anastaafu na kurudi kwao Moshi. Bibi alikuwa anamfulia nguo. Muuguzi alikuja na bodaboda, tundu amelipakata mapajani, na kibali cha ndege kimeshabadilishwa jina huko kwa watu wa wanyamapori. Ndani ya tundu kulikuwa na ndege wa kijivu, mkia mwekundu kama aliyekalia rangi mbichi, na jicho la manjano lililokuwa linamtazama Bibi kama vile Bibi anavyowatazama watu.

"Anakula nini?" Bibi akauliza.

"Karanga zisizo na chumvi, mbegu za maboga, matunda. Kahawa usimpe hata kidogo, mama. Itamuua."

Bibi akanigeukia, akaninong'oneza kwa Kinyambo kwamba hajawahi kuona mgeni anayeingia nyumbani kwake asipewe kahawa. Kwetu mgeni hajakaa sawasawa, ameshawekewa kisahani cha kahawa za kutafuna. Akaona kuna kitu anafichwa.

"Na kusema, anasema?"

"Atasema utakachomfundisha. Lakini hataki kelele, hataki fimbo. Chagua neno moja. Akilisema, mpe karanga papo hapo, wala si baadaye. Akichoka, muache. Kesho ipo."

Muuguzi akaondoka. Bibi alikaa anamtazama yule ndege mpaka chai ikapoa, halafu akasema, "Huyu ataitwa Askari. Na neno lake ninalo."

Neno lenyewe lilikuwa *mwizi*.

Msimu ule kahawa yetu ilikuwa inapungua. Tunaianika uani kwenye turubai, ikauke na maganda yake, na kila asubuhi kabla ya kwenda shambani Bibi alikuwa anaisawazisha na kuichora kwa kidole pembeni mwake, mstari wa kuzunguka. Akirudi mchana anakuta mstari umevurugika na upande mmoja umekonda. Kuku tuliwafungia. Bado. Basi kukawa na mtu, na mtu huyo ni wa hapa hapa.

Wa hapa tulikuwa mimi na Bibi, na Najat, na Projest. Projest ni mtoto wa dada yake Bibi, mtu mzima, anakuja kutugeuzia kahawa kwa reki na kuondoka na mkungu wa ndizi. Anavaa koti msimu wote, hata jua likiwa kali. Najat ni mke wa mjomba wangu Edgar, ambaye ni dereva wa lori na yuko njiani siku zote. Ni binti wa mzee Muzamil mwenye duka Kayanga. Walioana bomani, kila mtu akabaki na dini yake, na Edgar akamleta kwa mama yake kisha akaondoka na lori.

"Hanywi pombe ya rubisi," Bibi alikuwa ananiambia. "Hasengenyi. Ukimtuma anakwenda, ukimgombeza ananyamaza. Sasa mtu wa namna hiyo utamjuaje?"

Najat akipita na ndoo anasema, "Shikamoo mama," na Bibi anaitikia, "Marahaba," huku anaitazama ndoo.

Mafunzo yalianza. Sikuwahi kumwona Bibi akimsubiri mtu, hata mchungaji. Lakini Askari alimsubiri. Mwanzo ndege alikuwa anarudi nyuma mpaka mgongo unagusa nyaya, manyoya yamemsimama, na akisogezewa kidole anauma kweli. Bibi alifunga kidole kitambaa, akarudi kwenye kigoda chake. Aligundua mwenyewe kwamba akimtazama usoni ndege anaogopa, kwa hiyo akawa anakaa ubavu, kama watu wawili walionuniana, anasema taratibu, "Mwizi. Mwizi," na kopo la karanga liko mapajani. Karanga ya kwanza aliiweka sakafuni mwa tundu. Baadaye ukingoni. Baadaye kwenye vidole vyake, anangoja, mpaka siku ndege aliponyoosha shingo akaichukua polepole kama mtu anayepokea sakramenti.

"Umeona?" Bibi akaniambia. "Anashuku. Ana akili."

Kusema hakusema haraka. Kwanza aliiga kufuli la stoo likifunguka, *klaki*, Bibi akaruka kutoka jikoni na jembe. Halafu akaiga kikohozi chake. Halafu pikipiki inayokataa kuwaka. Kwa haya yote Bibi hakutoa hata karanga. Mpaka asubuhi moja, Bibi akiwa amesinzia kwenye kigoda, sauti ikasema pale pale sikioni mwake, sauti yake mwenyewe kabisa: "Mwizi!"

Nusura aanguke. Kisha akamwaga karanga nusu kopo ndani ya tundu, akacheka mpaka akashika mbavu. Toka siku hiyo Askari akimwona tu anatokea na kopo anaanza, "Mwizi! Mwizi!" mboni za macho zinapanuka na kusinyaa, na Bibi anampa, anasema, "Ndiyo, baba. Hivyo hivyo."

Tundu likahamishiwa barazani, lielekee turubai la kahawa. Bibi akatangaza kwamba mtu asiliguse, mtu asimpe Askari chochote, yeyote yule. "Askari hali kwa watu wawili," alisema.

Halafu Bibi akaumwa mguu. Ulivimba, tukampeleka Nyakahanga akalazwa, na mimi nikakaa naye kumuuguza. Nyumbani alibaki Najat. Bibi hakulala vizuri hospitalini, na haukuwa mguu uliomnyima usingizi. "Yuko peke yake na kahawa yangu," alikuwa anasema. Aliporuhusiwa hakungoja hata dawa zimalizike kuandikwa.

Tulishuka kwenye bodaboda. Najat alikuwa anatoka jikoni na beseni. Na kabla hajafika barazani, kabla hata hajasema shikamoo, Askari akajitupa upande wa tundu, akapiga mabawa.

"Mwizi! Mwizi! Mwizi!"

Najat alisimama. Beseni la maji akalitua chini. Bibi akamtazama ndege, akamtazama Najat, akaenda turubaini akichechemea. Kahawa ilikuwa imepungua.

Bibi alianza kuchunguza. Siku zilizofuata nilimwona akijibanza nyuma ya mgomba, na kila mara Najat akitokea barazani ilikuwa vile vile: "Mwizi!" Projest alikuja, akageuza kahawa, akaondoka, na ndege kimya, anakuna shingo. Mimi nilipita, kimya. Najat akipita, "Mwizi!" Kisha siku ya kufua Bibi akafungua fundo la khanga ya Najat iliyokuwa kwenye lundo. Ndani kulikuwa na maganda membamba ya karanga.

"Hata za ndege!" akaniambia kwa sauti ya chini. "Anaiba mpaka za ndege!"

Akampigia Edgar simu. Nilikuwa karibu, nilimsikia mjomba upande wa pili, na lori linaunguruma. "Mama, kama ushahidi upo, mimi nitasema nini?" Bibi akakata. Akaamua: Jumamosi wakae wanaukoo, ushahidi usikike, na Najat arudi kwa baba yake. Khanga zake Najat alianza kuzikunja Ijumaa, bila kuambiwa na mtu. Nikamwona anazipanga kwenye begi, anazitoa, anazipanga tena.

Jumamosi alikuja mzee Ambrose na Projest, na jirani wawili watatu waliosikia kuna kasuku anatoa ushahidi. Kahawa ya kutafuna ikapitishwa. Mzee Ambrose anapenda kula, akajaza shavu.

"Haya shemeji," akasema, "mlete shahidi aape."

Watu wakacheka. Bibi hakucheka. Akaweka tundu kwenye stuli, akaondoa kitenge kilicholifunika. "Najat, simama hapo mbele."

Najat akasimama, ushungi ameuvuta mpaka kwenye nyusi. Askari alimwona, akanyoosha shingo, akasema kwa sauti ya Bibi, wazi kabisa, "Mwizi! Mwizi!"

"Mmesikia," Bibi akasema.

"Tumesikia," Projest akasema haraka.

"Mama, mimi sijachukua kahawa yako." Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie Najat akisema sentensi nzima mbele ya wageni.

"Na yeye anasemaje?"

Mzee Ambrose alikuwa bado anatafuna. "Hebu ngoja kwanza. Huyu mahakama yake ni kali, asije akaniumbua na mimi." Akainuka, akasimama mbele ya tundu, akavuta tumbo ndani. Ndege kimya. "Ahsante, baba! Mimi msafi! Projest, njoo." Projest akasimama, koti limefungwa vifungo vyote. Ndege akampa mgongo. "Msafi! Haya, shemeji, na wewe."

"Mimi nijiibie?"

"Simama tu, tucheke."

Bibi akasonya. Lakini watu walikuwa wanamtazama, akasogea. Na Askari akawaka. Alipiga mabawa mpaka maganda yakaruka nje ya tundu, macho yake yamekuwa kama moto. "Mwizi! Mwizi! Mwizi! Mwizi!"

Jirani mmoja akaangukia mkeka kwa kucheka. "Tumempata!" mzee Ambrose akapiga kelele. "Alikuwa na funguo siku zote!"

Mimi nilikuwa namtazama Bibi, sio ndege. Alikuwa amesimama, mkono uko kwenye funguo kifuani. Akatazama kopo la karanga juu ya dirisha. Akamtazama Askari, aliyekuwa ameshafungua mdomo anangoja. Nikaona kitu kinafika usoni mwake polepole.

Alilichukua kopo, akatoa karanga, akampa. Ndege akanyamaza, akala.

"Najat," akasema, bila kugeuka. "Ulikuwa unampa nini?"

Najat akaushika ushungi.

"Nakuuliza. Kwa huyu ndege, mwizi ni mtu mwenye karanga. Ndivyo nilivyomfundisha mimi mwenyewe. Sasa wewe ulimpa lini, nami nilikataza?"

"Ulipolazwa, mama." Najat alikuwa anaongea na miguu yake. "Kopo ulilifungia chumbani. Ningemwacha afe? Nilikwenda Kayanga dukani kwa baba, nikaomba karanga. Na baadaye nikawa nampa moja moja, ukiwa shambani. Alikuwa ananiita."

"Anakuita mwizi, ukaenda?"

"Hakuna mwingine hapa aliyekuwa ananiita, mama."

Mzee Ambrose aliacha kutafuna. Bibi alikaa kwenye kigoda, akaunyoosha mguu mbaya. Niliwaza kwamba sasa atasema samahani, lakini Bibi hana neno hilo, hakuna aliyemfundisha. Alifungua uzi shingoni, akahangaika na fundo, akatoa ufunguo wa stoo.

"Kalete kahawa nyingine," akamwambia Najat. "Huyu shemeji amemaliza kisahani chote. Na ufunguo kaa nao, mguu unaniuma kunyanyuka."

Najat aliupokea kwa mikono miwili. Kufuli likalia *klaki*, na Askari akaliiga.

Hapo ndipo Bibi akamgeukia Projest, pole pole, kama anavyomgeukia ndege, kwa ubavu.

"Projest, mwanangu. Unaingia hapa kila siku tangu Askari afike. Mkungu wangu unabeba. Na karanga hata moja hujampa, hajui hata sura yako?"

"Ulikataza, mama mdogo!"

"Nilikataza. Wewe mtiifu sana."

Nani alikuwa anachota kahawa, mpaka leo hakijathibitika kitu. Bibi ana mtu wake anayemshuku, na mimi nina wangu, na nadhani ni mmoja. Lakini habari ilitembea Ndama nzima kwamba kasuku wa Bibi Kemilembe anamwita mwizi mtu mwema, na asiyeitwa ndiye wa kuangaliwa. Watu wakaanza kumuuliza Projest njiani, "Vipi, bado hujaitwa?" Sasa anakuja hata siku ambazo hakuna kahawa ya kugeuza. Anakaa barazani na koti lake, mfuko umejaa karanga alizonunua mwenyewe, anamnyooshea ndege moja moja na kumbembeleza, "Sema basi, baba. Sema mwizi. Mwizi. Sema."

Askari anazichukua zote, anazimenya, anamtazama kwa jicho moja, kimya. Jikoni Bibi na Najat wamekaa wanamenya ndizi, beseni moja katikati yao.

"Mwache," Bibi anasema. "Kesho ipo."