Chuma cha Kukamatia Kamba

Ipo siku moja, mjukuu wangu, imenirudia akilini tangu uliponionyesha vile vyuma vya kukamatia kamba mnavyotumia kupandia majabali. Unasema hujui ununue kipi. Haya, kaa nikwambie.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, huku Makuyuni, na maji hakuna. Tukawa tunachimba kisima. Mchimbaji alikuwa babu yako Hamza, kijana bado, mimi nimeolewa naye juzijuzi. Alishushwa kwa kamba ya katani tuliyoisokota wenyewe, imezungushwa kwenye gogo lililolazwa juu ya nguzo mbili zenye panda. Kamba ikijikwaruza kwenye gogo ilikwenda polepole mno, nasi kina mama wa kubeba udongo tulichoka kusubiri.

Basi vijana wakaleta kapi la chuma, kile kigurudumu cha kupitishia kamba, kutoka shamba la mkonge. Wakalipaka mafuta, likawa linazunguka bila kelele. Tukapiga vigelegele! Hamza akajifunga kamba, mguu mmoja tayari uko shimoni. Hapo akafika mama mkwe wangu, Mzigua mkali yule, hana simile.

"Nyie, mkono wa mshika kamba ukiteleza, hicho chuma kitamshika mwanangu?"

Akamshika Hamza bega.

"Mtoeni. Jazeni gunia udongo, uzito wake yeye."

Walinung'unika, lakini nani angembishia? Wakashusha gunia. Lilipofika katikati akawaamuru walegeze mikono kidogo tu. Lo! Kamba ikawaponyoka, ikawachuna viganja, gunia likapasukia chini, puu! Nikaona kama ni Hamza. Nililia mbele ya mama mkwe bila haya. Gunia la pili wakalishusha kwa gogo. Wakalegeza vilevile, likateleza kidogo, likakwama.

"Hilo kapi mtavutia maji," akasema. "Mtu atashuka kwa gogo."

Kwa hiyo, mwanangu, dukani usichague kinachopitisha kamba upesi, wala kinachong'aa. Uliza kinafanya nini mkono ukiteleza. Hakikisha kinaendana na unene wa kamba yenu. Kijaribuni kwa mzigo kwanza, kabla ya mtu. Na hata kama kinashika chenyewe, mshika kamba asibandue mkono.

Babu yako alichimba visima mpaka akaota mvi, akafia kitandani kwake, mkono wake nimeushika mimi. Mungu akujalie nawe uzee wa namna hiyo.