Nimetumwa Begi

Jumamosi saa nane mchana nilibisha mlango wa kocha nikamwambia, "Nimetumwa begi." Hakuna aliyenituma. Hilo ndilo kosa lenyewe, na nimeliweka hapa juu kabisa msije mkadhani naficha kitu.

Kama hamtoki mtaani kwetu mtauliza, begi tu, kuna nini? Timu yetu haina ofisi wala barua. Ina uwanja wa vumbi hapa Makongeni, kamati ya watu wazima wanaokutana nyumbani kwa mwenyekiti, na begi moja kubwa la buluu lenye jezi, soksi na mipira mitatu. Begi hulala kwa kocha. Likilala kwako, wewe ndiye kocha. Kamati ikikuchoka, hakuna atakayekuita akueleze, maana watu wazima wa mtaa wetu ni wakali sana mpaka uwaambie wamtazame mtu machoni. Wanatuma mtoto. Mtoto anabisha, anasema maneno mawili, anaondoka na begi, na wiki hiyo hiyo anatokea kocha mwingine. Tangu nianze sekondari nimeona watatu wakiondoka hivyo. Mmoja alikuwa bado na mswaki mdomoni.

Huyu wa sasa alikuwa kijana, fundi wa kuchomelea mageti kando ya Jogoo Road. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amefunza timu ya wasichana wa shule ya msingi, basi. Hajawahi kufunza mtu mwenye ndevu. Alikuja na daftari lililojaa mishale, akawakataza wachezaji kubutua mipira mirefu. Alitaka wapasiane kuanzia kwa golikipa, polepole, hata ikibidi kurudi nyuma. Tukapigwa mechi nne mfululizo. Komarock walitufunga nne. Lucky Summer walitufunga tatu na wakatuimbia. Mimi ndiye niliyesema kwa kinyozi kwamba timu yetu inarudi nyuma kila dakika kama mtu aliyesahau kuzima jiko. Watu walicheka mpaka kinyozi akazima mashine ili asimkate mtu sikio. Kicheko kile kiliniharibu kabisa. Nikataka kingine, kikubwa zaidi.

Mpango ulikuwa rahisi. Rafiki yangu mwenye simu angejificha nyuma ya tangi la maji arekodi. Mimi ningebisha, ningesema yale maneno mawili, kocha angeshtuka, kisha ningesema, "Tulia kocha, ni mchezo!" Sote tungecheka. Katika mpango wangu hata yeye alikuwa anacheka.

Alifungua mwenyewe. Alikuwa na mtoto wake mchanga begani, amelala.

"Niaje, kijana."

"Poa, kocha. Nimetumwa begi."

Hakushtuka. Kwa hilo sikuwa nimejipanga. Aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwenye foleni ndefu. Akaingia ndani, nikasikia zipu ikifungwa. Akarudi na begi, mtoto bado yuko begani.

"Jezi namba sita imechanika kwapani," akasema. "Waambie waishone kabla ya kesho."

Kisha akanipa mkono. Ulikuwa mkono wa fundi, mgumu kama tofali. "Asante kwa kuja," akaniambia, akafunga mlango polepole asimwamshe mtoto.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mdomo huu ambao haunyamazi hata wakati wa maombi kwenye gwaride la shule ulinikatalia. Nilisimama nikiutazama mlango.

Rafiki yangu alitoka nyuma ya tangi akiwa hacheki.

"Futa hiyo video," nikamwambia.

"Nishafuta. Na sikiza, mimi sikuwa hapa. Mimi niko kwa shosho tangu asubuhi."

"Nyanya yako anaishi Murang'a."

"Ndiyo maana nimeenda mbali," akasema, akapotea.

Nikabaki na begi. Ningekuwa nimeiba ng'ombe ningeweza angalau kudai ni wetu. Begi lile kila mtu analijua. Sijamaliza hata nyumba tano, mama mmoja aliyekuwa akianika nguo akaziacha akapiga kelele kwa jirani, "Wametoa kocha!" Nikakaza mwendo. Kwa kinyozi wanaume walitoka nje, mmoja ana povu nusu ya kidevu.

"Si nilisema? Mechi nne, buda! Nne!"

"Mechi nne ni nini? Hata mahindi huwezi kupanda ukavuna kwa wiki nne."

"Mahindi hayafungwi tatu na Lucky Summer!"

"We unataka afanye miujiza? Amewakuta vijana hawajui hata kusimama, sasa angalau wanasimama."

"Wanasimama, ndio, wakiangalia mpira ukiingia!"

Wakanigeukia. "Kijana, kamati imesema nani anaingia?"

Nikasema sijui. Lilikuwa neno la kwanza la kweli kutoka kinywani mwangu siku hiyo. Kisha nikakimbia, begi likinipiga mgongoni. Jasho la wachezaji kumi na mmoja lilikuwa linapanda kutoka ndani yake, au labda lilikuwa langu.

Nilirudi kwa kocha kwa njia ya nyuma. Nilikuwa nimeamua: nitabisha, nitasema, nitachapwa, yataisha. Mlango ulifunguliwa na mkewe. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ametoka," akasema kabla sijafungua mdomo. "Ameacha simu hapa mezani. Hajawahi kutoka bila simu. Nyinyi mmemwambia nini?"

Nyinyi. Nilikuwa peke yangu pale mlangoni, lakini alikuwa ananiona mtaa mzima. Nikasema namtafuta, nitamleta, nisamehe. Sidhani alielewa nilichoomba nisamehewe.

Nje nilitazama upande wa reli, kule treni hupita, kisha nikajikataza kuutazama. Mtu akiwa mcheshi watu hudhani haogopi. Niwaambie ukweli, kichwa cha mcheshi ni hatari sana akiogopa, kwa sababu kimezoea kutunga mambo. Changu kilinitungia kila kitu. Nilimwona kocha kila mahali mtu hapaswi kuwa. Nilimwona yule mtoto mchanga akiwa mkubwa, kidato cha tatu kama mimi, akiniuliza ni kweli wewe ndiye uliyekuja mlangoni. Nilikuwa natembea, kisha nikajikuta nakimbia, na sikumbuki miguu ilipobadilisha.

Nikamkuta kwenye kibanda cha kuchomelea. Mafundi wengine walikuwa wameshafunga kazi. Alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, amevaa ile ngao ya uso yenye kioo cheusi, imeshuka mpaka kidevuni, na hakukuwa na chochote alichokuwa akichoma. Hakuna moto, hakuna chuma mkononi.

"Kocha."

Nikaweka begi chini.

"Kocha, hakuna aliyenituma."

Kioo cheusi kikanigeukia. Nilijiona humo, mdogo, nimepinda.

"Hakuna nani?"

"Hakuna mtu. Ilikuwa mchezo. Nilitaka watu wacheke."

Alivua ile ngao polepole. Mimi nilikuwa nimeshafumba macho na kukaza shavu la kushoto, kwa sababu alikuwa wa mkono wa kulia. Kofi halikuja. Nikafumbua. Uso wake ulikuwa umelowa, na hakuufuta.

"Unajua tangu tupigwe ile ya pili," akasema, "mlango ukibishwa mimi huwa sipumui? Mke wangu huenda kufungua, mimi nasimama nyuma ya pazia. Mwanamume mzima. Leo nikasema nifungue mwenyewe, liwalo na liwe. Nikakuta ni wewe. Unajua nilihisi nini?"

Akaiweka ngao magotini.

"Nilishukuru. Nikasema sasa angalau nitalala."

Nilitamani lile kofi. Kofi lina mwisho.

"Nimekuletea begi, kocha. Chukua."

"Haiwezekani."

"Lakini ni lako."

"Nimelitoa kwa mkono wangu, mlangoni kwangu. Nikilipokea hapa kutoka kwako, nitakuwa nimerudishwa kazini na mtoto wa kidato cha tatu. Nitaongeaje na wachezaji kesho?"

Hapo tukasikia firimbi kutoka upande wa uwanja, ndefu, mara tatu. Ni firimbi ya mwenyekiti, ya tangu alipokuwa akifanya kazi ya reli. Ikilia hivyo ni kamukunji, mkutano wa mtaa mzima. Habari zilikuwa zimefika.

Kocha alisimama, akapangusa suruali. "Twende," akasema. "Beba wewe."

Uwanja ulikuwa umejaa goli hadi goli. Jua lilikuwa limeshuka, vumbi limekuwa rangi ya chai. Mbele kulikuwa na meza ya plastiki, mwenyekiti amesimama, na kando yake ameketi mama yangu na daftari la kamati, kwa sababu mama yangu ndiye katibu. Nilikuwa nimelisahau hilo mchana kutwa.

"Begi limetoka," mwenyekiti akasema. "Nataka kujua, ni nani katika kamati alimtuma huyu kijana leo?"

Wanakamati wakatazamana. Mama hakunitazama mimi. Alimtazama mwenyekiti. Nikadhani ni aibu.

"Hata kama hakuna!" mtu akapiga kelele nyuma. "Kocha ametoa mwenyewe! Ametoa, ameenda, imeisha!"

Wengi wakasema ndiyo, imeisha. Hapo nikaelewa kitu kilichonitisha kuliko reli: mchezo wangu ulikuwa unataka kuwa kweli. Mtu angepoteza timu kwa sababu nilitaka kuchekesha watu wanaochekeshwa na kila kitu. Nikapanda juu ya begi ili nionekane. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya darasa la tatu.

"Ni mimi. Nilimdanganya. Hakuna aliyenituma."

Kisha mtu akacheka, mmoja tu, kisha mkono ukanishika kola kutoka nyuma, mwingine sikio. "Chapa huyo! Anachezea timu!" Nikainuliwa kidogo kutoka ardhini. Nilitafuta uso wa mama, watu wakanifungia njia. Niliwaza kwamba hivi ndivyo watu huumizwa, na watu wanaowajua kwa majina.

"Mwacheni." Alikuwa kocha. Hakupaza sauti. "Mwacheni huyo mtoto. Niliyechezewa ni mimi, na mimi sijasema achapwe."

Mikono ikalegea. Alisimama katikati, mikono mfukoni.

"Mkitaka niende, niambieni hapa, nikiwasikia. Mimi ni mgeni wa kazi hii, hilo ni kweli. Sijashinda. Sitawaambia tutashinda kesho, kwa sababu sijui. Nataka kitu kimoja tu. Nataka kujua mmenipa mpaka lini, ili nikisikia hodi nijue ni jirani anaomba chumvi."

"Mechi nne bao moja!" akasema yule wa nyuma. "Na hilo moja walijifunga wenyewe!"

Mwanamke mmoja mzee, ambaye huuza mayai ya kuchemsha kila mechi na hajawahi kukosa, akajibu bila kugeuka. "Wa kabla yake mlimpa tano. Wa kabla ya huyo, tatu. Mmebadilisha mpaka mmechoka, na bado tunapigwa. Si mjaribu kutobadilisha mara moja, muone kunakuwaje?"

"Na tukishuka daraja?"

"Tutashuka tukiwa na mtu anayetujua."

Wakabishana. Wakatukanana vizuri, kama kawaida. Nami nilikuwa nimesimama kando ya begi, jasho limekauka shingoni, nikisubiri kama mtu anayesubiri jina lake lisomwe. Mwishowe mwenyekiti akapuliza firimbi.

"Wanaosema apewe mpaka mechi ya mwisho ya ligi, na mtu asitumwe kwake kabla ya hapo, mikono juu."

Mikono ilipanda polepole. Kwanza mama wa mayai. Kisha wachezaji, wote, hata golikipa aliyefungwa zile nne. Kisha huku na huku. Na pale mbele, mama yangu aliweka kalamu chini akainua mkono wake, na mwenyekiti akamkazia macho kwa muda mrefu kabla ya kuanza kuhesabu. Ilitosha kwa shida. Yule wa nyuma alitema mate akaondoka.

Mwenyekiti, mwenyewe, bila kutuma mtoto, alibeba begi akampelekea kocha. Walitazamana machoni. Sijawahi kuona hilo mtaani kwetu. Kocha alifungua zipu, akatoa namba sita, akaangalia pale kwapani, akaondoka nayo mkononi kwenda kwa mkewe.

Mama alitembea mbele yangu mpaka nyumbani. Hakunigusa, na hilo lilinitia hofu kuliko ile mikono ya uwanjani. Alisonga ugali. Alikata sukuma. Aliweka sahani mbele yangu, akafunga mlango, akarudisha pazia, akaketi ng'ambo ya meza.

"Alhamisi kamati ilikaa, tukakubaliana aende," akasema. "Mimi ndiye niliyeandika. Jumatatu asubuhi, kabla hujaenda shule, ningekutuma wewe mlangoni kwake ukachukue hilo begi. Sasa kula."