Bi Tunu na pilau lisilofunikwa nailoni

Treni imeshaanza kutembea na sufuria ya mwisho bado iko chini.

Yustina, msaidizi wa jikoni, anaikimbiza kando ya behewa, kaibeba kichwani mdomo chini, haoni mbele. Anafuata sauti tu. Mlangoni amesimama Bi Tunu Rashidi, mkono mmoja kashika chuma cha mlango, mwingine kaunyoosha.

"Kulia, Yustina! Kulia! Huko ni kwenye reli, mwanangu, unakwenda kuolewa na treni?"

Sufuria inaingia. Yustina anaingia nyuma yake, kiatu kimoja kimebaki stesheni ya Tabora. Abiria wanapiga makofi. Hafsa, msaidizi mkuu wa Bi Tunu, hapigi. Amekaa, kikapu chake kakipakata kama mtoto.

Mzigo uliopakiwa kabla ya yote ni majani ya migomba, yamefungwa kwa kamba ya katani na kufunikwa kitenge chenye maji. Mzigo huo umepewa kiti. Watu wawili wamesimama.

"Mama, hayo majani ni mgonjwa?" anauliza mzee mmoja aliyesimama.

"Ni mgonjwa, baba. Na ukiyakalia, wewe ndiye utakuwa marehemu."

Behewa zima linacheka, safari ya Goweko inaanza.

Bi Tunu ana miaka hamsini na minane. Ni mpishi wa shughuli, mkazi wa Isevya mjini Tabora. Harusi, hitima, maulidi, kipaimara, yeye haulizi dini ya mwenye shughuli, anauliza idadi ya watu. Leo anakwenda kupika pilau kwenye harusi ya Minza, binti wa mkulima wa tumbaku wa Goweko aitwaye Festo. Minza alikula pilau la Bi Tunu alipokuwa akijifunza ushonaji mjini, akaapa kwamba siku yake hapiki mwingine.

Kwa asiyelijua jiko la shughuli, kazi iko mwishoni. Maji yakikaribia kukauka, pilau lazima lizibwe mvuke usitoke, kisha lipaliwe makaa juu na chini. Zamani walizibia majani ya mgomba. Halafu ikaja nailoni. Mpishi anakata kipande, anakitandika juu ya wali wa moto, anaweka sinia, anaweka makaa. Nailoni haitafutwi shambani na haichaniki. Jikoni kwa Bi Tunu ilitumika zaidi ya miaka ishirini.

"Tuliona ni maendeleo," anasema. "Mpishi wa majani alionekana mshamba."

Mambo yalibadilika miaka miwili iliyopita, kwa sababu ya mbuzi.

Alikuwa mbuzi wake mwenyewe, aliyefugwa uani kwa makombo ya shughuli. Alianza kukonda huku tumbo likijaa. Bi Tunu akaona bora achinjwe kabla hajafa, akamwita mchinjaji wa mtaani, Mfaume. Mfaume alipopasua tumbo alitoa donge kubwa kama kichwa cha mtoto, gumu, la kijani. Akalikata kwa kisu. Ndani ilikuwa nailoni juu ya nailoni, na katikati yake punje za wali na kijiti cha mdalasini.

"Bi Tunu," Mfaume alisema, "njoo uchukue pilau lako."

Yeye hakucheka. Alilichukua donge lile akalikalisha kwenye kizingiti cha jiko, na wasaidizi wake walipofika siku ya pili aliwaambia hawataingia mpaka kila mmoja alitazame.

"Nikajiuliza, kama mbuzi ameyabeba haya tumboni, mimi nimewabebesha watu nini? Nailoni ile juu ya moto nilikuwa naiona ikilegea, ikinywea. Inakwenda wapi? Nimewalisha maharusi wangapi?"

Tangu siku hiyo nailoni ikaondoka kwake, na haikuondoka peke yake. Masufuria yanasuguliwa kwa majivu na dodoki analolipanda mwenyewe ukutani. Visahani vya kutupa vimekwisha. Watu wanakula kwenye sinia, wanne wanne, kama walivyokula bibi zao. Anayetaka kubeba chakula nyumbani aje na bakuli. Mkaa wa kutoka porini hanunui. Anapikia matawi ya miembe yanayokatwa mjini, ambayo zamani yalikuwa yanachomwa tu kando ya barabara.

Wateja hawakumpigia vigelegele. Wengine walisema amekwisha, hana hata pesa ya visahani. Zamani alipika harusi nne kwa mwezi, akashuka mpaka moja, na miezi mingine hakupata hata hiyo. Parvez, mwenye duka alilokuwa akinunulia nailoni na visahani, alimwita kutoka mlangoni: "Dada Tunu! Sasa umehamia kwa mbuzi? Majani tu?"

"Mbuzi ndiye aliyehamia kwako, Parvez. Nenda kamwombe radhi."

Parvez anamwita dada kwa sababu Bi Tunu alimbeba mgongoni. Akiwa msichana Bi Tunu alifanya kazi jikoni kwa mama yake Parvez, Dolatbai, na huko ndiko alikojifunza kupika. Tutarudi kwa Dolatbai.

Ndani ya treni Hafsa anamgeukia Bi Tunu. Ana maneno yake na hayafichi.

"Dada, tumekuvumilia. Nina watoto wanne, wao hawali majani. Harusi hii wakwe wanatoka mjini, na kila mmoja ana shughuli yake mwakani. Pilau likitoka vizuri, sawa, nitanyamaza. Likiharibika, tunarudi kwenye nailoni. Ukikataa, mimi naondoka na jiko langu."

"Jiko lako ni lipi, Hafsa?"

"Mikono yangu hii. Na ya Yustina."

Yustina anatazama mguu wake usio na kiatu.

"Haya," anasema Bi Tunu. "Tumepatana."

Goweko wanapokelewa kwa heshima. Shikamoo, marahaba, mwangaluka, karibuni maji. Harusi ni kesho. Bi Tunu ana shida moja tu: majani yalale wapi? Huku migomba haioti ovyo, yakiharibika hakuna mengine. Yanataka kivuli, na mahali mbuzi hawafiki.

"Bani lipo," anasema Festo. Bani ni ile nyumba ndefu ya tofali wanamokaushia tumbaku kwa moshi. Msimu umekwisha, ni tupu, limefagiwa, lina mlango na komeo. Bi Tunu anachungulia, anaona giza na ubaridi. Anashukuru. Majani yanafungiwa humo.

Mtu wa Isevya hajui bani. Na mtu wa Goweko amezaliwa ndani ya harufu ile, haisikii tena kama samaki asivyosikia maji.

Asubuhi ya harusi sufuria tatu ziko mekoni. Mchele umeshaingia, maji yanashuka. Bi Tunu anachukua jani la kwanza, analipitisha juu ya moto libabuke, lilegee. Jani linalegea. Harufu inapanda.

Anasimama. Analinusa. Analinusa tena, analipeleka puani kwa Yustina.

"Tumbaku," anasema Yustina.

La pili, tumbaku. La tatu, la chini kabisa ya mzigo, tumbaku. Majani mabichi yenye maji yamelala usiku kucha yakinywa moshi wa miaka yote iliyokaa kwenye kuta zile.

Festo anaitwa. Analinusa jani kwa makini, kama mtu anayenunua. "Mbona mimi sisikii kitu?" Anaitwa kaka yake. Naye hasikii kitu. Jirani naye anapewa, anavuta pumzi mpaka macho yanafumba. "Jani zuri kabisa hili," anasema.

"Nyie hamsikii," anasema Bi Tunu. "Wakwe watasikia. Watasema wamelishwa sigara."

Hapo Hafsa anafungua kikapu chake. Chini ya kanga kuna roli ya nailoni, mpya, haijafunguliwa. Anaiweka juu ya kinu, pale ambapo kila mtu anaiona.

"Ulikuja nayo," anasema Bi Tunu.

"Nilikuja nayo. Kata, dada. Maji yanakwisha."

Maji kweli yanakwisha. Kinamama wa Goweko wamekusanyika, na mmoja anasema kwani tatizo ni nini, nailoni si ndiyo hiyo? Bi Tunu anaifuta mikono kwenye kanga. Wanaomjua wanasema akifuta mikono namna hiyo, ujue ameshaamua.

"Unga wa ngano uko wapi?"

Unga upo, ndoo nzima. Lakini ni wa maandazi ya chai ya wakwe.

"Ukandeni. Maji tu, usitiwe sukari. Mgumu."

Hapo ndipo anapoingia Dolatbai. Msichana Tunu alimwona mama yule mara nyingi akipika biriani: anakanda unga, anaufanya kamba nene, anauzungusha kwenye mdomo wa sufuria, anabandika kifuniko, anakandamiza. Unga unakauka, unakuwa ukuta. Dolatbai alikuwa akisema hewa ikitoka, biriani nalo limetoka. Bi Tunu mwenyewe hakuwahi kufanya hivyo kwenye shughuli, maana sufuria za shughuli ni kubwa, unga mwingi, na ukishaziba hufunui tena. Unapika kipofu.

"Na wakwe zangu?" Festo analia. "Wanywe chai mikono mitupu? Mnataka binti yangu arudishwe leo leo?"

Anayejibu ni Yustina, mzaliwa wa kijiji cha Ntalikwa, ambaye tangu jana hajasema maneno kumi.

"Baba Minza, matobolwa hamna?"

Matobolwa yapo. Ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa. Kila nyumba ina gunia. Festo anashika kichwa. Kuwapa wakwe wa mjini matobolwa ni kama kuwapokea kwa gauni la shamba. Lakini Minza mwenyewe, nusu kichwa kimesukwa na nusu bado, anatoka ndani na kumaliza shauri.

"Baba, wape na karanga. Wasiotaka waende kwao."

Kamba za unga zinazungushwa. Masinia yanabandikwa, yanakandamizwa, makaa yanapaliwa juu. Bi Tunu anatembea kati ya meko matatu, anainama, anatega sikio. Maji yakiwa bado, sufuria huguguma. Yakiisha hutulia. Ikianza kutatarika, umechelewa.

"Hii bado. Hii punguza kuni. Hafsa, ya kwako inasemaje?"

"Haisemi kitu."

"Basi toa moto wote! Sasa hivi!"

Hafsa anavuta kuni, lakini kuni za mwembe zikishika zimeshika. Sufuria ya tatu inatatarika. Harufu ya kuungua inapita uani, na kila mwanamke anaisikia na kuangalia pembeni kwa adabu.

Wakwe wanakuja. Wanapewa chai, matobolwa na karanga. Shangazi wa bwana harusi, mwanamke wa mawani na mkufu mzito, anachukua kipande, anakitazama, anakitafuna taratibu. Festo amesimama nyuma ya mlango, hapumui.

"Haya mara ya mwisho nimekula kwa bibi yangu Urambo," anasema shangazi. "Yameisha? Leteni mengine."

Saa ya kufungua inafika. Bi Tunu anagonga ukuta wa unga kwa mpini wa kisu, unapasuka kama chungu. Sinia linanyanyuliwa. Mvuke unatoka wote kwa pamoja, na harufu yake haina tumbaku wala nailoni. Wali umesimama, punje na punje. Sufuria ya pili hali kadhalika. Ya tatu imeungua chini kiasi cha vidole viwili. Wanapakua wali wa juu, na ukoko wanawekewa vijana wapiga ngoma, ambao wanaukimbilia. Watoto wanapigania vipande vya unga uliookwa pembeni ya masinia.

Watu wanakula wanne wanne. Hakuna sahani inayotupwa. Jioni uwanja unafagiwa na mwanamke mmoja kwa ufagio mmoja, na kilichobaki ni mifupa, ambayo mbwa wameishughulikia.

Bi Tunu amekaa juu ya sufuria iliyopinduliwa, miguu kainyoosha. Hafsa anakuja, anachukua roli yake juu ya kinu, anaitia kikapuni.

"Dada, sikatai. Pilau limetoka."

"Moja limeungua."

"Moja limeungua. Lakini limetoka." Anakifunga kikapu. "Ila mimi siwezi kupika kwa kutega sikio kila siku. Moyo wangu mdogo."

"Najua, mdogo wangu. Tulipatana likitoka utanyamaza. Hatukupatana utabaki."

Hayo yalikuwa mwezi wa nane.

Hafsa ana jiko lake sasa, anapika kwa nailoni, anapata shughuli nyingi kuliko Bi Tunu. Wanasalimiana. Yustina alibaki, amenunua viatu vingine, na yeye ndiye anayesikiliza sufuria, maana masikio yake ni mapya. Minza anaishi Isevya na mumewe, ana cherehani. Festo bado analima tumbaku na bado hasikii kitu. Shangazi wa bwana harusi alimwita Bi Tunu kwenye hitima, na sharti lake lilikuwa matobolwa yawepo. Dolatbai alifariki zamani, amezikwa Tabora. Parvez bado anauza nailoni na visahani, lakini amenunua masinia ya kukodisha, na mteja wake wa kwanza alikuwa Bi Tunu. Mfaume anachinja kama kawaida. Anasema madonge bado anayakuta.

Bi Tunu anapika harusi mbili kwa mwezi, mara nyingine tatu. Amekodi kipande cha shamba bondeni Ntalikwa, apate majani yake mwenyewe, yasiyolala kwa mtu. Alipanda migomba saba. Sita imeshika.

Wa saba uliliwa na mbuzi wa jirani. Jirani alikuja kuomba radhi, akamkuta Bi Tunu anachimba shimo jingine.

"Mwache ale," alimwambia. "Huyo siku akichinjwa, Mfaume atakuta majani tu."