Kusindikizana Katubuka

Ua wetu wa Katubuka ulikuwa na wapangaji wa familia tano, na mtu kulala njaa pale ilikuwa kujitakia. Chumba kimoja kilinukia mawese, kingine dagaa, Wakongo walitwanga sombe, kisamvu cha kwao, tangu asubuhi. Adhana ikinyamaza, kwaya inadakia. Kwenye chumba cha mwisho walikaa bibi na mjukuu wake, wakimbizi wa Burundi waliovukia mpakani Kagunga.

Mjukuu huyo ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Kwetu mgeni hatoki peke yake. Usipomsindikiza, ni kama umemfukuza. Milango yetu ilitazamana, lakini tulisindikizana hivyo hivyo. Nikimfikisha kwao, naye anaona haya kuniacha nirudi peke yangu. "Ngwino, njoo nikusindikize," ananiambia, tunaanza upya, mpaka mama anapaza sauti: "Nyie, huo ua mtaumaliza kwa miguu!"

Vita vya kwao vilipotulia, bibi yake alijiandikisha kurudi. Habari hiyo mimi niliipata bombani, kwa watu baki, ndoo ikiwa kichwani. Nilikasirika kweli kweli. Kumbe alijua wiki nzima, na kila siku alikula ugali kwetu! Alipokuja kuniambia mwenyewe nilimfungia mlango, akarudi chumbani kwao bila wa kumsindikiza.

Ninakoishi leo majirani wanasalimia kwa adabu, kisha wanafunga mageti. Natamani zile kelele mpaka najishangaa. Yeye ndiye ninayemkumbuka zaidi, na hamu hiyo haijapungua. Nikipata mgeni namsindikiza hadi stendi. Akiniomba nirudi, sirudi, na watu wananicheka.

Siku ya meli ya kuwarudisha Burundi, ua mzima uliteremka bandarini kuwabebea mizigo, Waislamu kwa Wakristo. Mimi nilisema kichwa kinaniuma. Mama alirudi mchana, akakaa kizingitini bila hata kuvua kanga.

"Mwenzio alikuwa wa mwisho kuingia," alisema. "Kila akiitwa anawaambia, ngojeni kidogo, kuna mtu anakuja kunisindikiza."

Nilikuwa nimekaa kitandani tangu asubuhi, viatu vikiwa miguuni.