App ya game kwenye simu ilivyonifanya nimuuze kipa wa Mzee wangu

Wakuu, habari za huko mliko. Mi niko Bujumbura, kwa hiyo Kiswahili changu mkivumilie, kimekula Kifaransa tangu utotoni.

Haya yametokea nyumbani kwangu Mutakura. Mke wangu Mama Ketsia anasoma hapa juu ya bega langu, nikiongeza chumvi nitalala njaa.

Nina console nyumbani, na game moja ya mpira ambayo ina app yake ya simu. Kwa wasiojua: kwenye app unauza na kununua wachezaji, unapanga kikosi, unaangalia matokeo, yote ukiwa mbali na TV.

Mi nauza pièces, spea za magari, kule mtaa wa Asiatique. Kikosi nilikuwa nakipangia kaunta, kati ya mteja wa filtre na mteja wa bougie, plagi za injini. Patron akipita, uso wangu unakuwa wa mutu anayetafuta bei.

Ile app ina faida nyingine ambayo hata walioitengeneza nadhani hawaijui. Inaonesha kama console iko connected. Na courant, yaani umeme, ya hapa kwetu inakuja ikipenda, inaondoka bila kuaga. Basi console ikionekana kwenye app, courant iko. Isipoonekana, imekwenda.

Jirani yetu Mama Divine anauza samaki sokoni, freezer yake iko nyumbani. Akaanza yeye kunipigia: "Papa Ketsia, courant iko?" Akawaambia wenzake. Baada ya muda napigiwa na watu nisiowajua, na wengine wanagomba kabisa ikiwa haipo, kama vile mi ndo nimeikata.

Mtauliza, kwa nini wasimpigie mutu aliye nyumbani? Sawa, tuje kwa Mzee.

Baba yangu alikuwa fonctionnaire, mtumishi wa serikali, chef de service miaka mingi. Alipoingia pensheni mama alikuwa ameshafariki, nikamleta akae kwetu. Wakuu, pensheni ilimuvunja. Kila asubuhi saa moja na nusu amevaa shati na tai, anakaa salon, sebuleni, anaangalia ukuta. Simu yake aliizima akaiweka mu kabati. Ukimwambia aiwashe anajibu: "Nani atanitafuta mi?"

Na kila wiki wimbo ni ule ule: "Munipeleke ku bus, nirudi ku colline." Huko kwetu kijijini hakuna wa kumpikia wala wa kumkumbusha dawa za tension, presha. Nilikuwa naogopa kweli kwamba siku moja nitarudi kutoka kazini nikute ameondoka.

Game yenyewe hakutaka kuiona. Nikicheza anapita nyuma yangu: "Mutu mzima na ndevu, anakimbiza mpira na vidole!"

Sasa siku moja saa nne asubuhi niko kaunta, nafungua app niangalie courant. Naona console haijalala. Imeandikwa inachezwa sasa hivi.

Mama Ketsia yuko Carama anafundisha, mutoto yuko shule. Nikasema mwizi. Halafu nikajiuliza, mwizi gani huyo anaingia kuiba, anaanza na mechi moja kwanza?

Nikampigia Mama Divine, soko si mbali, akaenda kuchungulia. Akanirudia anacheka mpaka anakohoa: "Mzee ako peke yake. Ananiambia anasoma Bibilia. Lakini iyo Bibilia iko na mashabiki wengi!"

Yewe! Nikafungua matokeo. Saba bila. Tano bila. Sita moja. Mzee alikuwa anachapwa kila asubuhi, na tai yake shingoni, na kesho yake anarudi tena.

Nikamwambia mke wangu, tukacheka hadi machozi. Kisha tukagundua kitu: wiki tatu Mzee hajataja bus. Chakula anamaliza. Mama Ketsia akaniambia wazi: "Muache. Usiguse kitu."

Wakuu, mi na ujuaji wangu, nikagusa.

Niliona nimsaidie kimya kimya. Golini Mzee, aliyekuwa anachezesha kikosi changu hicho hicho, alikuwa na kipa mmoja mwenye kipara, miaka thelathini na minane, mzito, anaruka mpira ukishapita. Nikamuuza kwa app nikiwa kazini, nikanunua kijana mrefu mwenye mikono kama ngazi. Nikajipongeza kabisa, nikasema leo Mzee atashinda.

Jioni mezani Mzee hakugusa ugali. Akasema anaangalia sahani: "Mutu amefanya kazi yake miaka yote. Asubui moja anafika, anakuta mwingine amekaa mu nafasi yake. Hata kumuaga, apana."

Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza, na hakukanyaga kidogo.

Mzee hakuweza kulalamika zaidi, angelazimika kukiri kwamba anacheza. Nami sikuweza kuomba msamaha, ningelazimika kukiri kwamba namchungulia. Tukabaki tunatazamana kama watu wawili walioiba kuku mmoja. Kisha akainuka: "Jumamosi munipeleke ku bus. Safari hii musinibembeleze." Asubuhi valise yake, sanduku la nguo, ilikuwa tayari nyuma ya mlango.

Niliumia, sitawadanganya. Nilidhani namuongezea raha, kumbe nimemrudishia siku yake ya mwisho ya kazi.

Kazini sikuuza hata bougie moja. Nilikuwa sokoni kwa app, namtafuta yule kipa wa kipara. Kumpata hakukuwa shida, tena kwa bei ya bure, hakuna aliyemtaka. Kubonyeza ndo shida, réseau ya simu inazunguka, mteja ananigongea kaunta, namwambia "subiri, papa, niko namrudisha mutu kazini." Akatafuta kiti, akakaa. Mwishowe nikampata, nikamrudisha golini, nikampa na unahodha.

Ijumaa jioni Mzee alikula. Alipomaliza akafuta mdomo taratibu.

"Yule wa kipara amerudi."

Nikajifanya: "Nani, Papa?"

"We mwana, usinione mujinga. Amerudi, lakini wameandika mechi sifuri. Kama vile hajawai kufanya kazi. Ni we ulimutoa?"

App ndivyo ilivyo wakuu, ukimuuza mchezaji na kumnunua tena, hesabu ya mechi zake inaanza upya. Sikujua kama ataona. Nikakiri yote, mpaka ile ya kumtuma Mama Divine.

Akasogeza sahani kando. Kisha akasema: "Siku ingine uniulize kwanza. Kocha ni mi." Akaichukua valise nyuma ya mlango, akairudisha chumbani kwake.

Sasa nisikilizeni. Jumatatu nafika kaunta, nafungua app, inanikataa. Mzee amebadilisha mot de passe, ile password. Nani amemfundisha, anasema hakumbuki, lakini Mama Ketsia leo ananicheka mno hapa nyuma yangu.

Kwa hiyo habari za courant sina tena, ninyi mnaonipigia kutoka Mutakura. Hata Mama Divine hanipigii. Mzee ametoa simu yake mu kabati, ameiwasha, na kuanzia saa moja na nusu wote wanampigia yeye.

Jana nilimpigia mwenyewe nikamuuliza kama courant iko.

"Iko," akasema, "lakini piga baadaye, niko kazini."

Somo langu: hizi app zinakuonesha mambo ya nyumbani ambayo ukikaa nyumbani huyaoni, hiyo nzuri. Ubaya ni kwamba ukishaona, kidole kinawasha. Ona, cheka, uachie hapo.

Sasa nanyi semeni, nani hapa amewahi kuvuruga timu ya mutu kwa kumsaidia? Na kama kuna anayejua namna ya kumrudishia yule kipa mechi zake, aniandikie hapa chini. Mzee bado ananidai hilo.